Ruhusa ikae kwenye kiti, si kwa aliyekikalia

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni afisa utawala wa shirika lisilo la kiserikali mkoani Mtwara. Tuko wafanyakazi 34, na tangu mwaka jana kazi zetu zote tunaziweka kwenye tovuti moja ya SharePoint, ule mfumo wa Microsoft wa kutunza na kushirikiana faili mtandaoni. Wiki mbili zilizopita mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alitafuta neno "posho" ili apate fomu, ikamfungukia karatasi ya mishahara ya wafanyakazi wote. Alikuja kuniambia mwenyewe. Mkurugenzi ameagiza nifunge kila kitu. Nimeanza kuweka ruhusa folda moja moja, kwa majina ya watu, na sasa kila siku kuna anayelalamika kwamba kazi yake haifunguki. Juu ya hapo, mkurugenzi anataka apewe ruhusa zote kwa kuwa ndiye mkuu, na juzi nimegundua mhasibu aliyeacha kazi mwezi wa tatu bado yumo. Hatuna mtu wa Tehama, ila kijana wa nje anayekuja mara moja kwa mwezi. Nianzie wapi?

JIBU: Salama, dada, na pole kwa mzigo. Kabla ya yote, huyo mwanafunzi ashukuriwe. Angeweza kunyamaza, au kupiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, na leo ungesikia mishahara ya watu ikijadiliwa kwenye chai ya saa nne. Muulize kwa upole kama aliipakua kwenye simu au kompyuta yake. Kama aliipakua, aifute ukiwepo. Asitishwe hata kidogo, maana akitishwa yeye, mwingine akiona kitu kama hicho hatakuja kukuambia.

Kisha acha hizo folda. Najua umeshazihangaikia siku kadhaa na inauma kuambiwa usimame, lakini ukiendelea hivyo, baada ya mwezi hutajua tena nani anaona nini. Tuanze kwa kujua mwanafunzi alipitia wapi.

Wengi hudhani kisanduku cha kutafuta ndicho kilichovujisha. Sivyo. SharePoint humwonyesha anayetafuta vitu ambavyo tayari ana ruhusa ya kuvifungua, basi. Maana yake mwanafunzi wako alikuwa na ruhusa halali ya kusoma mishahara kabla hajaandika neno "posho". Wala sidhani kama kiini ni mtu aliyeshea faili kwa ofisi nzima: kiungo cha namna hiyo hakiifanyi faili ijitokeze kwenye utafutaji wa mtu mpaka mtu huyo awe amekibofya. Zinabaki njia mbili. Ama aliingizwa kwenye kundi la Members, yaani wanachama, la tovuti yenu, kama ilivyo desturi ya kumpa mgeni kila kitu ili asisumbue wenzake, ama tovuti yenyewe iliundwa ikiwa wazi kwa shirika zima.

Hiyo ya pili ndiyo ninayoishuku zaidi. Tovuti ya timu inapoundwa, mfumo huuliza swali moja dogo: iwe Private (ya walioingizwa tu) au Public (wazi kwa shirika zima)? Anayeunda ana haraka, anaona ni kitu cha ofisi nzima, anachagua Public. Kuanzia hapo kundi la Members linapata mkazi mmoja anayeitwa Everyone except external users, yaani kila mwenye akaunti ya shirika isipokuwa wageni wa nje. Akaunti yoyote mpya mtakayofungua, iwe ya dereva, ya mtunza stoo au ya mwanafunzi, inahesabiwa humo bila mtu kuiweka. Bofya gurudumu la mipangilio juu kulia, fungua taarifa za tovuti, angalia mstari wa faragha. Ukikuta Public, ibadili iwe Private leo hii. Kesho asubuhi watakaokosa kuingia watakuja mezani kwako, na hao ndio watakuwa orodha yako ya kwanza ya watu ambao hawakuwahi kuingizwa kwa utaratibu.

Kuna kitufe kimoja ambacho ningependa kila afisa utawala akijue. Kwenye ukurasa wa ruhusa za tovuti, ukiingia mipangilio ya kina, juu utaona Check Permissions. Andika jina la mtu, nao mfumo utakuambia ana ruhusa ya kiwango gani na ameipata kupitia kundi lipi. Unaweza kukitumia kwa tovuti nzima, kwa maktaba moja (yaani hifadhi ya folda na faili ndani ya tovuti) au kwa faili moja. Kitumie sasa kwenye karatasi ya mishahara kwa jina la mwanafunzi. Ukiona jibu limetaja Members, umeupata mlango.

Sasa folda. Katika SharePoint ruhusa hurithiwa kutoka juu kwenda chini: tovuti huirithisha maktaba, maktaba huirithisha folda, folda huirithisha faili. Ukiingiza mkono katikati na kuweka majina yako, urithi hukatika hapo. Siku unapoukata, folda hubaki na nakala ya ruhusa za juu kama zilivyokuwa siku hiyo, na baada ya hapo inaishi kivyake. Ukimwongeza mtu juu kwa jina lake, ruhusa hiyo haimfikishi chini. Ukiondoa jina juu, chini linabaki kama liliandikwa huko.

Chukua folda ya Malipo. Jumatatu umeukata urithi na kuandika majina matatu: lako, la mhasibu na la mkurugenzi. Jumatano mratibu wa mradi anataka kuona hati za malipo ya mafuta, unamwongeza kwenye folda ndogo iliyo ndani. Ijumaa mhasibu anamshea karani faili moja tu aiharakishe, na hapo urithi wa faili hiyo unakatika kimyakimya, kwa sababu kumshea mtu asiyekuwa na ruhusa ni kukata pia. Wiki moja, folda moja, na tayari kuna ngazi tatu za ruhusa ambazo hazionekani kwa macho. Zidisha kwa folda zako zote. Microsoft wenyewe wanaweka kikomo cha ruhusa za pekee 50,000 kwa kila maktaba na kushauri watu wasivuke 5,000. Wewe hutafika huko, lakini kichwa cha binadamu huchoka kwenye folda ya ishirini.

Tena kuna jambo linalowaponyoka wengi. Kwenye tovuti iliyounganishwa na kundi la Microsoft 365, yaani orodha moja ya watu inayotumika kwenye huduma zote za Microsoft za ofisi, wamiliki wa kundi ndio wasimamizi wa tovuti, na msimamizi wa tovuti huona kila kilichomo hata kama jina lake hukuliandika kwenye folda. Unaweza kufunga folda ya mishahara kwa makufuli kumi, na aliyewekwa kuwa mmiliki kwa sababu tu alikuwepo siku ya kuanzisha akaendelea kuisoma.

Kama umewahi kufanya kazi halmashauri au wizarani, unaijua masijala. Kuna masijala ya wazi na kuna masijala ya siri. Hakuna mtunza kumbukumbu anayeweka jalada la siri kwenye kabati la wazi kisha akabandika karatasi ya "wasifungue wafuatao". Jalada la siri lina chumba chake, chenye ufunguo wake. Fanya hivyo hivyo. Usizifunge folda za siri ndani ya tovuti ya wote. Zitoe, uzipe tovuti yake.

Kwa watu 34 ningeunda tovuti nne. Ya Ofisi, yenye fomu, miongozo na kalenda: wote wanasoma, wewe na msaidizi wako mnaandika. Ya Miradi, wanakoandika watu wa miradi. Ya Fedha. Na ya Utumishi, yenye mikataba, mishahara, likizo za ugonjwa na barua za nidhamu. Utanijibu kwamba mishahara hulipwa na fedha. Ni kweli, lakini keshia anahitaji orodha ya malipo ya mwezi iliyoidhinishwa, hahitaji barua ya onyo ya mtu wala cheti cha daktari. Ile orodha moja ndiyo inayovuka kwenda Fedha. Na kama mnatumia Teams, programu ya Microsoft ya mazungumzo na mikutano, chaneli ya faragha hujiundia tovuti yake peke yake, kwa hiyo huko kazi hiyo mnafanyiwa tayari.

Hamisha karatasi za mishahara kwanza, hata kabla tovuti nyingine hazijawa tayari. Mfumo ukikuuliza kama uendelee kuwashea watu walewale, kataa. Halafu tafuta nakala. Karatasi ya mishahara haikai mahali pamoja: ipo kwenye barua pepe ya mwezi jana, kwenye OneDrive (hifadhi binafsi ya faili mtandaoni) ya aliyeiandaa, na huenda kwenye folda iliyoitwa "Mpya" ambayo hakuna anayekumbuka kuiunda. Ukishatoa vya siri, rudi kwenye folda ulizozikata na ubofye Delete unique permissions, zirudi kurithi kutoka juu. Malalamiko mengi ya wenzako yataisha siku hiyo.

Kabla hujagusa kompyuta kwa ajili ya hatua inayofuata, chukua karatasi ya A3 na rula. Pembeni andika maktaba: Fomu, Mikataba ya wafadhili, Vitabu vya fedha, Mishahara, Ripoti za miradi. Juu usiandike jina la mtu yeyote. Andika kazi: mkurugenzi, mhasibu, keshia, afisa utawala, mratibu wa mradi, afisa wa uwanjani, mwanafunzi. Kwenye kila kisanduku weka S kwa kusoma, A kwa kuandika, au ukiache kitupu. Mstari wa Mishahara utakuwa na A mbili, S moja, na vitupu vinne. Mwanafunzi atakuwa na S kwenye Fomu na A kwenye ripoti za mradi aliopangiwa, basi. Keti na wakuu wa vitengo mjaze pamoja, maana wewe hujui kila anachohitaji afisa wa uwanjani, na wao hawajui unachokiogopa.

Karatasi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Baada yake, kila safu inakuwa kundi kwenye mfumo, ruhusa unalipa kundi, na watu unawaingiza na kuwatoa humo. Wazo si geni. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila mtumiaji apewe haki zile chache tu zinazomtosha kumaliza kazi yake, na mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wakaeleza jinsi ya kuzifunga haki hizo kwenye wadhifa badala ya mtu. Ofisini kwetu sisi tunalijua kwa neno moja: kukaimu. Mhasibu akienda likizo ya uzazi, mtu anakaimu. Anayekaimu anaingizwa kwenye kundi la wahasibu siku ya barua yake ya kukaimu na kutolewa siku mwenye kiti anaporudi, na tarehe zote mbili unaziandika kwenye kalenda siku ileile unapomwingiza. Hakuna folda inayoguswa.

Kuhusu viwango, SharePoint inakupa makundi matatu tayari: Owners wenye Full Control, Members wenye Edit, Visitors wenye Read. Hapa kuna mtego kwenye Edit. Neno linasikika kama kuhariri faili tu, kumbe linampa mtu pia uwezo wa kuunda na kufuta maktaba nzima. Nililiona hili kwenye ofisi moja niliyoitwa kusaidia: dada mmoja wa mapokezi alitaka kuondoa kitu kwenye menyu ya pembeni, akafuta maktaba ya mikataba ya miaka minne. Alikuwa analia nilipofika. Tuliirudisha kutoka kwenye pipa la taka la tovuti, ambalo huvitunza vilivyofutwa kwa siku 93, lakini zingepita siku hizo bila mtu kujua, ingekuwa habari nyingine. Kosa halikuwa lake. Alipewa panga akate karatasi. Wanaoandika kila siku waundie kundi lako mwenyewe lenye kiwango cha Contribute: wanaongeza faili, wanahariri, wanafuta faili, lakini maktaba yenyewe hawawezi kuibomoa. Na kumbuka mwenye Read anaweza kupakua. Kama mtu anapaswa kuona bila kuondoka na nakala, kuna View Only, ingawa simu yenye kamera hakuna kiwango kinachoizuia.

Sasa mkurugenzi. Hapa wengi hunyamaza kwa heshima, na heshima hiyo huja kuligharimu shirika. Mkurugenzi ana haki ya kuona kila kitu, na hilo halina ubishi. Kuona ni Read, na mpe kwenye tovuti zote nne, hata ya Utumishi. Full Control ni kitu kingine: ni uwezo wa kufuta tovuti, kuingiza watu, kubadilisha makufuli. Hiyo ni zana ya anayepanga kabati. Katibu Mkuu wa wizara anaweza kuitisha jalada lolote likaletwa mezani kwake, lakini haendi masijala kupanga majalada, na hakuna anayesema cheo chake kimepungua.

Mwambie hivi, kwa adabu yote, na kwa faragha: akaunti yake ndiyo inayowindwa kuliko zote, kwa sababu jina lake liko chini ya kila barua na kila mkataba wenu. Matapeli wa barua pepe humwandikia yeye, si mtunza stoo. Anasafiri, anafungua kazi kwenye simu, kwenye hoteli, uwanja wa ndege. Siku nywila yake ikiibwa, mwizi atapata kile tu ambacho mkurugenzi mwenyewe angekipata. Akiwa na Read, mwizi atasoma, na hilo ni baya vya kutosha. Akiwa na Full Control, atafuta na kujiongezea wenzake. Nimewaeleza wakurugenzi kadhaa jambo hili na sijapata aliyekasirika baada ya kulisikia lote. Msichanganye tu na uthibitisho wa hatua mbili: huo awe nao wa kwanza kabla ya mfanyakazi mwingine yeyote.

Wamiliki wa kila tovuti wawe wawili. Mmoja akiugua, kazi isisimame. Wakiwa watano, hakuna anayejiona anawajibika. Na muulize kijana wenu wa nje swali moja: akaunti kuu ya usimamizi ya Microsoft 365 iko kwenye barua pepe ya nani? Mara nyingi mno jibu ni kwamba iko kwake binafsi, pamoja na namba yake ya simu ya uthibitisho. Sisemi ni mtu mbaya. Anaweza kupata kazi Dar es Salaam wiki ijayo, au kupoteza simu. Akaunti kuu iwe ya shirika, uthibitisho wake uwe kwenye simu ya shirika, na kijana awe na akaunti yake mwenyewe ya usimamizi ambayo matendo yake yanaonekana kwenye kumbukumbu za mfumo kwa jina lake.

Mhasibu aliyeondoka usimfute leo. Mzuie kuingia, sasa hivi, kisha umtoe kwenye kila kifaa ambacho akaunti yake bado iko wazi, kwa sababu simu yake huenda bado imefunguliwa. Badilisha nywila za akaunti zozote mlizokuwa mnazitumia kwa pamoja, na akaunti ya namna hiyo ikome, maana ikitokea hitilafu hutajua nani alifanya. Halafu fungua OneDrive yake utoe mali ya shirika. Hapa ndipo pa kuwa makini: akaunti ikishafutwa una siku 30 za kuirudisha, na OneDrive yake kwa kawaida hutunzwa siku 30 tu kabla ya kufutwa nayo, isipokuwa msimamizi amebadili muda huo. Vitabu vya robo nzima ya mwaka vimewahi kupotea hivyo. Toa kwanza, futa baadaye. Na kwa atakayefuata kuondoka, weka kwenye fomu ya kukabidhi ofisi mstari mmoja kati ya funguo na laptopu: "akaunti imezuiwa, saa ngapi, na nani". Asisainiwe stahiki zake mstari huo ukiwa mtupu.

Wakaguzi wa hesabu na wafadhili washee kwa kiungo cha watu maalumu, kinachomtaka aliyetajwa athibitishe kuwa ni yeye. Kile kiungo cha yeyote aliyenacho kizimwe kabisa kwenye Fedha na Utumishi. Msimamizi anaweza kukizima tovuti moja moja. Ukaguzi ukiisha, ondoa. Usingoje.

Ikitokea bodi ikauliza kwa nini kazi yote hii kwa karatasi moja, wakumbushe kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisifikiwe na asiyestahili. Mshahara na cheti cha daktari ni taarifa za mtu.

Ukishapanga, kila baada ya miezi mitatu chapisha orodha ya kila kundi, mpelekee mkuu wa kitengo aweke tiki au mstari kwenye kila jina na kusaini. Usimuulize "uko sawa?" maana atasema ndiyo. Muulize jina kwa jina. Ukikwama kwenye kuhamisha mishahara, niandikie tena na unitumie picha ya ukurasa wa ruhusa ukiwa umeyafunika majina. Karatasi ya mishahara yenyewe usinitumie.